Mtoto wa Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumba nyingi za vijijini katika Uwanda wa Makonde, kuanzia Chiwata na vijiji vya miteremko ya upande wa Masasi hadi Newala kule juu, hazina dari. Ukuta unaotenganisha chumba na chumba huishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye bati au nyasi ni hewa tupu. Fundi hajengi hivyo kwa uzembe. Joto linahitaji pa kutokea, na tofali za kufikia paa zina gharama. Lakini katika nyumba ya namna hii sauti haina mlango wa kufungiwa. Mume anapompiga mkewe usiku, kila aliyelala chini ya paa lile husikia kofi la kwanza, husikia kigoda kikianguka, husikia mama akijibana asilie ili watoto wasiamke. Asubuhi wakubwa husema, tena kwa kuamini kabisa, kwamba watoto walikuwa wamelala. Sura hii inakataa kauli hiyo. Nitaeleza kwamba mtoto aliyekuwa upande wa pili wa ukuta alikuwa ndani ya ugomvi ule sawasawa na waliopigana. Kwamba kile ambacho mwili wake ulijifunza usiku huo ndicho kinachojitokeza miaka ishirini au thelathini baadaye kama hofu isiyo na sababu. Na kwamba taratibu zetu za kusuluhisha ugomvi wa nyumbani, zenye sifa nyingi za kweli, hadi leo hazimhesabu.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliwauliza wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kama waliwahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Asilimia 40 walisema ndiyo. Utafiti wa aina hiyo hiyo wa mwaka 2022 ulipata asilimia 27. Hatua hiyo ni kubwa na inafaa kushangiliwa, lakini zaidi ya robo ya wanawake bado si idadi ndogo, na wengi wao ni mama wa watoto wanaolala nyumba moja nao. Katika utafiti ule wa 2015-16 kulikuwa na swali jingine ambalo majibu yake yananisumbua zaidi kuliko hayo. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akiwaacha watoto bila uangalizi au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali walau sababu moja. Wanawake waliwazidi wanaume. Mtu hafikii kukubali jambo kama hilo siku ya kuolewa. Hulipokea mapema, akiwa bado mdogo, mahali ambapo linafanyika na hakuna anayelipinga.

Msomaji wa Masasi au Newala anaweza kunisimamisha hapa. Takwimu za kutisha, atasema, zinatoka Kanda ya Ziwa. Ni kweli kwamba mwaka 2015-16 Shinyanga iliongoza, ambako wanawake 78 katika kila 100 waliowahi kuolewa walisema wamefanyiwa ukatili na waume zao, ukihesabu kipigo, ukatili wa kingono na wa maneno. Kusini, ataendelea, ni nchi ya ukoo wa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu uzazi kwa mama. Mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake kuliko baba aliyewazaa. Na kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akaishi na kulima chini ya macho ya kaka na mama wa mkewe. Mume wa namna hiyo hawezi kupiga akalala usingizi. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Mwanamke mwenye kaka karibu na mwenye kwao pa kurudi ana kinga ambayo mwanamke aliyetolewa ng'ombe thelathini, na ambaye kurudi kwake kunamaanisha ng'ombe warudishwe, hana.

Ila kinga hiyo ilisimama juu ya mpangilio wa makazi, na mpangilio huo umebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa ambayo watu wake walitangulia kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa, sehemu kwa sababu ya vita ya ukombozi iliyokuwa ikipiganwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika kwa koo zikapangwa kwa mistari ya viwanja. Baadaye mkorosho ukafunga kazi hiyo. Mti unaozaa kwa miongo mingi ni mali, na mwanamume mwenye mikorosho yake hataki kuihama amfuate mke, wala hapendi imwendee mtoto wa dada yake ikiwa ana wa kwake. Ndoa nyingi za leo ni za mume na mke katika nyumba yao, kwenye kiwanja chao, na mjomba yuko Nachingwea, Mtwara mjini au Mbagala. Jina la ukoo bado ni la mama, lakini usiku ule mjomba hayupo kusikia. Na hata zamani alipokuwa karibu, kilichomlinda mama hakikuwa lazima kimlinde mtoto. Mjomba alifika baada ya kelele, na mtoto alikuwa amekwisha kuzisikia.

Je, kusikia kunatosha? Ndilo swali la msingi, kwa sababu wengi wetu tunakubali kwamba mtoto anayepigwa huumia, ila tunasita juu ya mtoto ambaye hakuguswa. Mwaka 2003 Katherine Kitzmann na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 118 kuhusu watoto waliokulia katika nyumba zenye kipigo kati ya wazazi. Walikuta kwamba asilimia 63 ya watoto walioshuhudia walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko mtoto wa kawaida ambaye hakushuhudia. Jambo la kushangaza ni kwamba walioshuhudia tu hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na waliopigwa wenyewe. Mtoto mdogo hana mama mwingine. Mwili wa mama ndio chakula chake na usalama wake, na anayeushambulia mwili huo amemfikia mtoto hata kama mkono wake haukumgusa.

Kuhusu watoto kuwa wamelala, kuna uchunguzi mmoja mdogo lakini wa kustaajabisha uliochapishwa mwaka 2013 na Alice Graham na wenzake huko Oregon. Waliwapima watoto wachanga 20, wa miezi 6 hadi 12, kwa mashine ya kupiga picha za ubongo huku watoto wenyewe wakiwa usingizini. Walisikilizishwa sauti ya mwanamume akitamka maneno yasiyo na maana, mara kwa sauti ya furaha, mara ya kawaida, mara ya hasira. Wale waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi wa wazazi walionyesha mwitikio mkubwa zaidi kwa sauti ya hasira, katika sehemu za ubongo zinazohusika na kuitikia misukosuko na kudhibiti hisia. Hawakuamka, na hawakuelewa neno hata moja, kwa sababu hapakuwa na neno la kuelewa. Watoto 20 hawatoshi kujengea nadharia nzima, lakini wanatosha kutufanya tuache kusema kwa uhakika kwamba aliyelala hajui.

Huko London mwaka 2011 Eamon McCrory na wenzake waliwaonyesha picha za nyuso watoto waliokulia kwenye ukatili wa nyumbani. Uso wenye hasira ulipotokea, amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayopima hatari, iliitikia kwa nguvu kuliko kwa watoto wengine, pamoja na sehemu jirani inayotabiri maumivu. Watafiti walilinganisha mchoro huo na ule uliokwisha kuonekana kwa askari waliotoka vitani. Tena watoto hao hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa na dalili za ugonjwa wowote wa akili siku ile. Ubongo wao ulikuwa umefanya kile ambacho ubongo mzuri hufanya, yaani kujirekebisha kulingana na mahali ulipo. Katika nyumba ambamo hasira hugeuka kipigo ndani ya dakika moja, mtoto anayeitambua hasira mapema ana nafasi ya kutoka nje, kumficha mdogo wake, au kunyamaza. Anajua uzito wa hatua za baba kwenye uchochoro. Anajua tofauti kati ya mlango uliofunguliwa na mlango uliosukumwa. Anajua, kwa namna mama anavyojibu salamu, usiku utakuwaje. Ujuzi huu ni wa hali ya juu, na mtoto wa miaka sita anaumiliki kikamilifu.

Tatizo ni kwamba ujuzi huu hauna mahali pa kuzimwa. Mtoto huyo anakua, anahama, anaolewa au anaoa, pengine anapata mwenzi mpole asiyewahi kuinua mkono. Na bado, pikipiki ikisimama nje usiku, moyo unakwenda mbio. Bosi akisema "njoo ofisini kesho," usingizi hauji. Mwenzi akinyamaza mezani kwa sababu amechoka tu, yeye anaanza kupitia moja moja yote aliyoyasema mchana, akitafuta kosa. Wataalamu huiita hali hii ugonjwa wa wasiwasi pale inapodumu kwa miezi, inapomtawala mtu na kumzuia kuishi. Walio nayo kwa kawaida hawaiiti hivyo. Husema wana mawazo, wana presha, roho iko juu, kifua kinabana, tumbo linawaka. Hupimwa presha na kukutwa sawa, hupewa dawa ya vidonda vya tumbo, na wengine huenda kupunga pepo. Simlaumu mganga wala muuguzi, kwa kuwa dalili ni za mwili kweli. Lakini ni nadra mtu wa miaka 35 anayelalamikia mapigo ya moyo kuulizwa, "Ulipokuwa mdogo, nyumbani kulikuwaje usiku?"

Kusini mtoto huyu ana kalenda yake pia. Kati ya Septemba na Desemba mabibo yanaanguka, uraka, pombe ya mabibo hayo, unapatikana kila kona na nipa, pombe yake kali, inapikwa. Oktoba minada ya korosho inaanza, na fedha ya mwaka mzima inaingia ndani ya wiki chache kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kisha, kuanzia Januari, akiba inakwisha na madeni yanarudi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba pombe huongeza kipigo nyumbani, na kwamba kubishania fedha ni miongoni mwa cheche zake za kawaida. Katika msimu wa 2018/19 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, nyumba nyingi zilikaa miezi kadhaa zikingoja. Sisemi kwamba korosho humpiga mtu. Mkono wa mtu ndio hupiga, na wanaume wengi sana walikunywa uraka na kungojea malipo bila kumgusa mtu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeishi na baba anayepiga husoma msimu kama anavyosoma uso wake, na furaha ya nyumba nyingine siku ya malipo kwake ni saa ya kuanza kutega sikio.

Sasa mapingamizi, na la kwanza ndilo ninalosikia likitolewa kwa moyo safi kabisa: sisi sote tulikua hivyo, na tuko salama. Wapo walio salama, ni kweli. Katika takwimu ile ya Kitzmann, asilimia 37 hawakuwa na hali mbaya kuliko mtoto wa kawaida, na nitarudi kwao, kwa sababu wana jambo la kutufundisha. Lakini mtu anaposema yuko salama, mara nyingi anamaanisha anafanya kazi, analea na hajalazwa. Wasiwasi wa aina ninayoieleza hauzuii kazi, na mara nyingine huifanya iende vizuri mno. Mama asiyeweza kuketi mpaka kila kitu kiwe mahali pake, mwalimu anayehakiki mara nne asikosolewe, kijana anayeomba radhi kabla hajafanya kosa, wote hawa jamii huwasifu. Gharama yao wanaijua wao na kitanda chao. Isitoshe, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na mtu mzima au mwenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Pale ambapo jambo limewapata karibu wote, kujilinganisha na jirani hakuthibitishi kwamba halikudhuru.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi. Huenda kinachodhuru ni umaskini, pombe au kuhamahama, na kipigo kimefuatana navyo tu. Hapa ushahidi bora ninaoufahamu unatoka mbali, katika mji wa Christchurch, New Zealand, ambako watoto 1,265 waliozaliwa mwaka 1977 wamefuatiliwa tangu wazaliwe. David Fergusson na John Horwood walipowauliza wakiwa na miaka 18 juu ya kipigo walichokiona kati ya wazazi wao, tayari walikuwa na kumbukumbu za miaka yote ya nyuma: kipato cha familia, ulevi, kutengana kwa wazazi, na adhabu alizopewa mtoto mwenyewe. Waliondoa uzito wa hayo yote. Matatizo mengi yaliyoonekana mwanzo yalififia, jambo linaloonyesha kwamba pingamizi lina ukweli ndani yake. Lakini kwa waliomwona baba akimpiga mama, hatari ya kupata ugonjwa wa wasiwasi haikufutika. Wengine huuliza kama hofu haikurithiwa tu katika damu, mzazi mwenye hofu akizaa mtoto mwenye hofu. Uchunguzi wa jozi 1,116 za mapacha huko Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2002 uliweza kutenganisha urithi na mazingira. Baada ya urithi kuwekwa kando, ukatili kati ya wazazi ulibakiza mchango wake kwenye hofu na huzuni ya mtoto. Mchango huo ulikuwa mdogo, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Mtoto mmoja mmoja hatabiriki. Katika taifa la mamilioni ya watoto, hata mchango mdogo ni watu wengi.

La tatu ni gumu kuliko yote: kumbukumbu. Mtu mwenye wasiwasi huenda akaukumbuka utoto wake kwa rangi ya giza kuliko ulivyokuwa. Mwaka 2019 Jessie Baldwin na wenzake walilinganisha tafiti zilizorekodi mateso ya mtoto wakati yanatokea na zile zilizomuuliza akiwa mkubwa. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliorekodiwa kuteswa hawakuyataja walipoulizwa ukubwani, na wengi waliotaja hawakuwa wamerekodiwa. Kwa hiyo tafiti zinazotegemea kumbukumbu pekee, ikiwemo ile maarufu ya Vincent Felitti na Robert Anda ya mwaka 1998 iliyoweka "mama kupigwa" katika orodha ya mambo yanayomfuata mtoto hadi uzeeni, zinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Ila tuangalie upande wa pili wa matokeo hayo. Kama nusu ya walioteswa hawataji, basi kusahau au kunyamaza ni jambo la kawaida, na kwa mtoto aliyefundishwa kwamba ya ndani hayatoki nje ni la kawaida zaidi. Ndiyo maana siweki uzito wangu kwenye kumbukumbu za wakubwa peke yake. Nauweka pia kwa mtoto wa London mbele ya picha ya uso na kwa mtoto mchanga wa Oregon aliye usingizini, ambao hawakuhitaji kukumbuka chochote.

Tugeukie sasa kikao. Mke akipigwa hadi kukimbilia kwao, wazee wa pande mbili hukutana. Mjomba husema, mshenga husema, mume huulizwa, mke huulizwa, pengine faini hutozwa na maneno makali hutolewa. Kikao kikishindwa, lipo baraza la kata, lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ipo mahakama. Sheria yenyewe haina utata, kwani kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kikao cha wazee nakiheshimu. Kinafika haraka kuliko polisi, hakidai nauli, na kimewaokoa wanawake wengi. Lakini nionyesheni ni wapi ndani yake mtoto anatajwa. Hutajwa katika sentensi moja tu: "Vumilia, una watoto." Yaani anatumiwa kama hoja ya kumrudisha mama mahali ambapo yeye mtoto anaogopa kulala. Kisha mama anarudi, wakubwa wamepatana, wamesameheana, wamekula pamoja. Na kwa mtoto hakuna kilichotangazwa. Hakuambiwa kwamba alichokisikia kilikuwa kibaya, wala kwamba hakikuwa kosa lake, wala kwamba kuna mtu ameahidi hakitarudiwa. Yeye anaona tu kwamba nyumba imenyamaza, na yeye ndiye mtaalamu wa kujua kwamba ukimya hauaminiki.

Najua jibu linalofuata. Ukiwaingiza watoto katika mambo ya ndoa, utavunja ndoa, na kuvunjika kwa ndoa nako huwaumiza watoto. Huwaumiza kweli, na kusini, ambako ndoa huvunjika kwa wepesi kuliko sehemu nyingi za nchi, watu wanalijua hilo bila kuambiwa na kitabu. Lakini sidai ndoa zivunjwe, wala mtoto aketishwe mbele ya wazee atoe ushahidi dhidi ya baba yake, jambo ambalo lingemtesa upya. Nadai kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba kikao kimteue mtu mmoja, anayependwa na mtoto huyo, amwendee pembeni siku zinazofuata na kuzungumza naye, na kwamba mtu huyo arudi kukieleza kikao mtoto analala vipi. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa nyumbani, sasa inamhesabu mtoto aliyeona au kusikia ukatili huo kuwa mwathirika kwa haki yake mwenyewe. Mjomba wa Chiwata hahitaji kusubiri bunge ili afanye hivyo. Wadhifa anao tayari, na mtoto ni wa ukoo wake.

Hapa ndipo wanapoingia wale asilimia 37 niliosema nitarudi kwao. Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya waliozaliwa katika dhiki nzito, ukiwemo ugomvi wa nyumbani, ulevi na umaskini, karibu mmoja katika watatu alikua akawa mtu mzima imara. Walichofanana ni kwamba walau mtu mzima mmoja, mara nyingi bibi, shangazi au jirani, alikuwa thabiti kwao siku zote. Uwanda wa Makonde haujapungukiwa na mabibi. Maelfu ya watoto tayari wanalelewa nao. Kilichopungua ni kuyachukulia malezi hayo kuwa tiba na kuyapa maarifa kidogo. Kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kufundishwa imeshathibitishwa karibu nasi. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, washauri wa kawaida wasio na shahada za saikolojia waliwatibu watoto yatima waliokuwa na majeraha ya moyo kwa mazungumzo ya wiki kadhaa, katika jaribio la watoto 640 lililochapishwa mwaka 2020, na dalili zikapungua. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wazima wenye mawazo mengi. Mwaka 2016 jaribio la watu 573 lilionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na Kampala, mpango wa SASA! uliowashirikisha majirani, mafundi, polisi na viongozi wa mtaa ulipopimwa, kipigo cha wanandoa kilikuwa chini kwa asilimia 52 katika mitaa uliyofika, na watoto walioshuhudia wakapungua vilevile. Kuzuia kipigo chenyewe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Yote mengine ni kwa ajili ya yule ambaye tayari amesikia.

Nimeacha kwa makusudi chombo kimoja hadi sasa, kwa sababu ndicho ninachokiamini zaidi kwa sehemu hii ya nchi. Jando na unyago hukusanya watoto wa kusini, wengi wao sasa wakati wa likizo za shule, na kuwafundisha nini maana ya kuwa mume na kuwa mke. Hakuna mpango wa serikali unaowafikia watoto kwa kina hicho na kwa heshima hiyo. Wapo watakaosema mafunzo hayo hayaguswi. Historia ya Masasi yenyewe inasema vingine. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Anglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alikuwa tangu kabla ya hapo ameshirikiana na mapadri na wazee wa huku kutengeneza jando la Kikristo. Waliyaacha waliyoona hayafai, wakayabakiza mengi, na watu wakalikubali kuwa jando. Kama mafunzo yaliweza kubadilika kwa ajili ya sala, yanaweza kubadilika kwa ajili ya usiku wa watoto. Nyakanga, kiongozi wa jando, anaweza kuwafundisha wavulana kwamba mwanamume akimpiga mkewe amewapiga na wanawe waliolala. Mkungwi wa unyago, anapomfundisha mwari kuvumilia, anaweza kumwonyesha uvumilivu unaishia wapi na aende kwa nani ukifika hapo. Na wote wawili wanaweza kupanga siku moja, kabla ya watoto hawajatoka, ya kumuuliza kila mmoja faraghani anachokisikia usiku nyumbani kwao, wakiwa wamekwisha kujua jibu watalipeleka kwa mjomba yupi, kwa ofisa yupi wa ustawi wa jamii, au kwenye namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.